Msumeno wa Kuvuta

Muuza vifaa alinipangia misumeno mitatu ya Kijapani juu ya kaunta, akaniambia nichague. Nina karakana yangu hapa Masasi, ya milango na makabati, na msumeno niliourithi kwa marehemu baba umekwisha meno. Hauchongeki tena. Nilikuwa nimemsumbua huyu kaka miezi mingi aniletee mwingine kama ule, na sasa ameleta mitatu, anangoja nifurahi.

"Hii haisukumwi, mama fundi," aliniambia. "Unavuta."

"Najua," nilimjibu, kwa ukali ambao hakustahili.

Nilimwomba kipande cha mninga, kwa sababu msumeno haununuliwi kwa macho. Wa kwanza ulikuwa na meno pande zote mbili, unakata haraka lakini unaguruma. Wa pili ulikuwa na mgongo wa chuma, mzuri kwa viungo vya droo, ila hauzami zaidi ya mgongo wake. Wa tatu ulikuwa mwembamba, hauna mgongo, mpini mrefu umezungushiwa henzirani. Niliuweka kwenye ubao nikauvuta mara moja. Ulitoa sauti ya mtu anayevuta pumzi kwa meno yaliyofungwa, na unga mwekundu wa mninga ukanirudia kifuani. Niliuweka chini.

"Umekukata?" aliuliza yule kaka.

"Hapana," nilimwambia. "Ngoja kidogo."

Nilikulia Newala, upande ule ambako uwanda unakatika ghafla na chini yako kuna bonde la Ruvuma. Wenzangu wa umri wangu mliokulia kule mnaujua ukungu wa miezi ya baridi. Unapanda alfajiri kutoka bondeni, unaingia mpaka jikoni, na mpaka jua lipate nguvu unamsikia mtu kabla hujamwona. Mama zetu walirudi na ndoo za maji kutoka foleni, na sisi watoto tulijua anayekuja ni mama wa nani kwa mlio wa kandambili zake tu. Mtoto wa Newala alijifunza kusikia kwanza, kuona baadaye.

Baba alikuwa seremala. Alioa kwa akina Mama na kujenga kwenye kiwanja cha ukoo wao, kama wanaume wengi wa kwetu, kwa hiyo mwenye kauli pale nyumbani alikuwa Bibi, mama yake Mama. Karakana ya Baba ilikuwa nyuma ya nyumba, kuta za udongo, bati juu. Ndani mlikuwa na misumeno miwili. Mmoja ulikuwa wa kawaida, wa kusukuma, unaokoroma mpaka barabarani. Wa pili ulifungwa kwenye kitambaa na kutundikwa juu kabisa, mahali nisipofika hata nikipanda kwenye benchi. Huo aliachiwa na Mjapani mmoja aliyekuja na watu wa pampu za maji, akampa Baba kazi ya kutengeneza makasha ya vyombo vyake, na alipoondoka akamwachia kama ukumbusho. Mimi huyo Mjapani sikumkuta.

Kwa nini Baba alikuwa na misumeno miwili, hilo nililijua ukubwani. Kwetu mtu akifa habari haitoki hovyo. Mjomba wake lazima aambiwe kwanza, kwa mdomo, na mpaka aambiwe hakuna anayelia kwa sauti. Lakini mjomba anaweza kuwa Tandahimba au kwingine mbali zaidi, na fundi hawezi kukaa bure akimsubiri. Kabla sijazaliwa, Baba alipewa kazi ya jeneza akaanza kuzikata mbao mchana kweupe kwa ule msumeno unaokoroma. Jirani akausikia, akakumbuka nani alikuwa mahututi, akaangua kilio. Kilio kikapita nyumba hadi nyumba, na mjomba wa marehemu akapata habari za msiba wa mpwa wake sokoni, kutoka kwa muuza dagaa. Baba alikwenda kuomba radhi mbele ya ukoo mzima, akiwa bado kijana, bado mgeni kwa wakwe zake. Tangu hapo milango na vitanda alivikata kwa msumeno wa kusukuma. Majeneza aliyakata kwa ule wa Kijapani, mlango umefungwa, kwa sababu hausikiki mbali.

Nyumba nzima, mimi tu niliusikia. Chumba nilicholala kilipakana na karakana. Na kwa kuwa hakuna aliyenieleza chochote, nilijieleza mwenyewe. Kwanza inakuja ile pumzi nyuma ya ukuta, taratibu, inavuta, inanyamaza, inavuta. Halafu, jioni au kesho yake, kinakuja kilio. Haikuwahi kuwa kinyume chake. Kwa akili yangu ya kabla ya shule jambo lilikuwa wazi kabisa: watu hawakuwa wanakufa halafu Baba anakata. Baba alikuwa anakata, ndipo wanakufa.

Nilimweleza Somoe, binti wa jirani, rafiki yangu wa kuchezea kokoto. Alinizidi umri kidogo na kwa hiyo alijua kila kitu.

"Umeuona unga wake?" Somoe aliniuliza. "Msumeno wa watu unatupa unga mbele. Ule wa kwenu unamrudia baba yako kifuani. Ule unavuta."

"Unavuta nini?"

Somoe alizikusanya kokoto zake. Hakuna aliyelitaja neno uchawi, lakini siku hiyo hatukuendelea kucheza.

Mwaka huo Mama alikuwa amenenepa. Siku hizi mtoto wa chekechea anakutajia mwezi ambao mama yake atajifungua, lakini sisi tulikuwa hatuambiwi, na ukiuliza unatumwa chumvi. Asubuhi moja ya baridi ilikuja pikapu. Mama alilazwa nyuma kwenye godoro, Bibi akapanda pembeni yake, wakaondoka kwenda hospitali ya misheni. Mama alikuwa amejifunika kanga yake ya njano yenye korosho. Niliiona kanga ile ikiingia kwenye ukungu mpaka ikazama. Baba aliachwa nyumbani. Bibi alisema ni shughuli ya wanawake.

Baada ya siku chache, alfajiri, mtu wa baiskeli alisimama mlangoni kwetu akaongea na Baba kwa sauti ya chini, kisha akaondoka. Nilikuwa kitandani. Nikasikia mlango wa karakana ukifunguliwa, ukafungwa. Halafu ile pumzi ikaanza.

Nilipitisha majirani wote kichwani. Mzee wa nyumba ya pili alikuwa amepona kifua. Bibi yake Somoe nilimsikia jana akigomba. Hakuna aliyekuwa mgonjwa, isipokuwa mtu mmoja tu, na huyo alikuwa amelazwa hospitali. Nilitaka kupiga kelele nimwambie Baba aache, kwamba hajui anachofanya, anamvuta Mama. Badala yake nilijifunika shuka gubigubi nikabana masikio, lakini ile pumzi ilikuwa inapita kwenye ukuta na kwenye kitanda.

Iliponyamaza, nilimsikia Baba akitoka kwenda dukani. Nikaenda karakana.

Juu ya benchi palikuwa na sanduku jipya, na chini, juu ya maranda, palilazwa ubao wa kifuniko chake. Ubao ulikuwa mfupi. Hilo ndilo lililonichanganya. Mama hatoshi hapo, nilijiambia, hata akikunja miguu. Na nyumbani kwetu mtoto mdogo kuliko wote nilikuwa mimi. Nilijilaza juu ya ule ubao, chali, ili nijue. Kichwa kilienea, mgongo ukaenea, miguu ikabaki nje. Nilibaki pale nikiangalia bati, nikisikia harufu ya mninga mbichi, unga laini ukinigusa shingo, na nikaona kwamba hata mimi sitoshi. Basi ni la nani?

Baba aliingia akanikuta vile. Sijapata kuona uso wa mtu mzima ukiwa namna ile. Alidondosha kifurushi cha kitambaa cheupe, akanizoa kutoka sakafuni, akaanza kunipukuta unga mgongoni, shingoni, kwenye nywele, kwa viganja vyote viwili, akirudia pale pale.

"Nani kakwambia ulale hapo? Felista! Nani kakwambia?"

"Mama amekufa?"

"Mama yako mzima. Anarudi."

"Sasa hilo sanduku?"

Baba aliacha kunipukuta. "Hujaliona," alisema. "Sikia, mwanangu. Usimwambie mtu. Hata mama yako akirudi, usimwambie."

Nilikubali. Lakini sikumwamini, kwa sababu mtu ambaye mama yake ni mzima hapukutwi vile.

Bibi alirudi kabla ukungu haujainuka, yeye na wanawake wawili wa ukoo, bila Mama. Nilikuwa jikoni nikichungulia kwenye upenyo wa mlango. Bibi alikuwa amekumbatia furushi, na furushi lilifungwa kwenye kanga ya njano yenye korosho. Lilikuwa dogo. Aliingia nalo karakana. Nilisikia wakibishana na Baba, na maneno yaliyonifikia yalikuwa mawili matatu tu: "Mbao za nini, Baba Felista?" alisema Bibi, na baadaye, kwa sauti ya kuamrisha, "Asiambiwe." Halafu wanawake wakatoka. Mmoja alibeba jembe. Bibi alibeba kile kisanduku, kimefunikwa kitambaa cheupe. Wakaingia kwenye mikorosho, na baada ya hatua chache nikawa nasikia kandambili tu, kisha hata hizo sikuzisikia.

Niliporudi kuchungulia karakana, kanga ya Mama ilikuwa juu ya benchi, imekunjwa, tupu.

Msinicheke. Nilikuwa na vitu vyote mkononi na nikaviunga kama nilivyoweza. Mama aliondoka ndani ya kanga ile, mkubwa. Amerudi ndani ya kanga ile, mdogo. Msumeno umemvuta mpaka akatosha sandukuni.

Siku Mama mwenyewe aliporudi, ukungu ulikuwa mzito. Nilisikia kandambili zikija kutoka barabarani, na nilijua mwendo wa Mama kuliko ninavyojua wangu. Huu haukuwa wake. Huu uliburuta, ukasimama, ukaburuta. Akatokea mbele yangu, Bibi kamshika mkono, na ulikuwa uso wa Mama. Tumbo lilikuwa limekwenda. Macho yalinipita, yakarudi, yakatulia kwangu. Kifuani, kwenye gauni, palikuwa na mabaka mawili ya maji. Maji ya ardhini, nilifikiri. Anatoka ardhini.

Nilikimbia mpaka kwa akina Somoe.

Hapa lazima niseme habari ya lipiko, kwa wasiokulia kwetu. Msimu wa ngoma lipiko hutoka na uso wa mbao uliochongwa, mwili wote umefungwa nguo, akacheza. Wanaume wanajua ni nani. Sisi watoto na wanawake tuliambiwa kwamba yule si mtu: ni mfu aliyeitwa kutoka kaburini, amevalishwa uso. Tulimkimbia tukianguka. Na watoto tulikuwa na elimu yetu juu yake, tuliyorithishana wenyewe. Lipiko hasemi. Lipiko hana damu.

"Amesema chochote?" Somoe aliniuliza.

"Hapana."

"Basi," alisema Somoe, na akanikaribisha nilale kwao.

Nilirudishwa nyumbani kwa kuvutwa mkono. Siku zile nilikula mlangoni, mgongo ukiwa ukutani. Yule aliyevaa uso wa Mama alikuwa akikaa kwenye mkeka ananyoosha mkono kuniita, na mimi nilikuwa nikipima umbali kati ya mkono ule na mimi. Akisogea, nasogea. Usiku nililala na Bibi. Jioni moja nilimsikia akisema na Baba nyuma ya ukuta, na sauti ilikuwa ya Mama kabisa, jambo lililonitisha kuliko ukimya wake.

"Hata huyu amenikataa," alisema. "Nimebaki na huyu mmoja, naye amenikataa."

Nilingoja Baba ajibu, maana yeye alijua kila kitu, na kama angesema neno moja tu pengine ningeelewa. Alikohoa, akatoka nje.

Halafu Baba akaenda Masasi kutafuta mbao. Bibi alikuwa shambani. Ilikuwa mchana, jua kali, ukungu umeisha kabisa, kuku wamelala kwenye vumbi. Nilikuwa barazani peke yangu niliposikia ile pumzi kutoka karakana.

Baba hayupo. Nilijua hayupo. Na sauti yenyewe haikuwa sawa: ilivuta kidogo, ikakwama, bati la msumeno likalia mtetemo mrefu, ikaanza tena. Nilifikiri unajikata wenyewe. Nilifikiri safari hii umekuja kumalizia. Sijui kwa nini nilikwenda badala ya kukimbia; nadhani nilikuwa nimechoka kuogopa.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Kile kitambaa cha msumeno kilining'inia juu, kitupu. Yule aliyevaa uso wa Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, kipande cha mninga kimebanwa kwa goti, ile kanga ya njano imetandazwa pembeni. Alikuwa anakata, na alikuwa anasukuma. Alisukuma kama mtu aliyezoea kuona msumeno mwingine, kwa nguvu, na bati jembamba likajikunja katikati, likaruka. Akatoa sauti. Nikaona mstari mwembamba ukifunguka kwenye kidole gumba chake, na mstari ukawa mwekundu, na wekundu ukatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Alikiweka kidole mdomoni, kama Mama anavyofanya akijikata na kisu cha mhogo.

Niliangalia ile damu mpaka ikadondoka kwenye ubao. Kisha nikasema maneno yangu ya kwanza kwake tangu arudi.

"Mama, hausukumwi huo. Unavuta."

Aligeuka polepole, kama anayeogopa kumtisha ndege. "Nani alikufundisha?"

"Namsikia Baba."

Mama aliichukua kanga akaikunjua kwenye pindo. Ndani ya mkunjo mlikuwa na unga mwekundu, laini kuliko ule ambao msumeno mwingine wa kwetu ungeweza kutoa. Akachota kidogo kwa ncha ya kidole kizima, akachota na ule aliokata sasa hivi, akaviweka kwenye kiganja, kimoja pembeni ya kingine. Vilifanana.

"Nilikuta huu kwenye kanga," alisema. "Kila nikiuliza, wananiambia nipumzike. Felista, baba yako alikata nini mimi sipo?"

Niliahidi kutosema, na nikasema. "Sanduku."

"La ukubwa gani?"

"Nilijipima. Miguu yangu ilibaki nje."

Alifumba macho. Mimi nilikuwa na swali langu ambalo lilikuwa limenikaa kooni siku zote zile, na nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Ulikuwa humo?"

"Nani?"

"Wewe."

Mama alifumbua macho akaniangalia. Aliangalia mlangoni niliposimama, nusu ndani nusu nje, nadhani akaukumbuka na ukuta niliouegemea siku zote nikila, na nikauona uso wake ukielewa kitu kimoja baada ya kingine.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Alikuwa mdogo wako."

Nilikwenda mwenyewe. Alinibana kifuani, na yale mabaka ya maji yalikuwa ya moto, yananukia maziwa. Alilia kwa sauti, jambo ambalo Bibi alimkataza, kwa sababu kwa desturi ya wakubwa aliyezaliwa kimya hakatiwi mbao wala haliliwi. Wanawake humfunga kitambaa wakamzika bila neno. Baba aliikata desturi ile kwa msumeno usiosikika, akadhani amemaliza.

Alipotulia, Mama alijifuta uso na pindo la kanga. "Msumeno ulikuwa unaliaje?" aliniuliza. "Siku ile. Wewe ulisikia."

Nilishika mpini, naye akauweka mkono wake wenye damu juu ya wangu. Tukavuta pamoja. Lile bati lilikuwa limepinda na halikulia vizuri, lakini lililia. Unga ukaturudia sote wawili.

Baba aliporudi aliuona msumeno umejikunja katikati, akamwona Mama na kitambaa kidoleni, akaniona mimi nimelala mapajani mwake. Alijaribu kuunyoosha kwa nyundo ndogo, lakini haukunyooka tena vizuri, na mpaka anakufa majeneza yake yote yalikuwa yakikwenda kombo kidogo upande wa kushoto. Mimi nikiona jeneza Newala nilikuwa nalijua kazi ya Baba kwa hapo. Na kuanzia wiki ile Mama alikuwa akienda kwenye mikorosho asubuhi, peke yake, na hakuna aliyemzuia.

Yule kaka wa dukani alikuwa bado ananisubiri, ameegemea kaunta. "Mama fundi, kama ni bei tutaongea."

"Sio bei," nilimwambia. Nilitoa simu nikampigia Mama, Newala. Sasa ni mzee, haoni vizuri, lakini masikio yake ni yale yale ya ukungu.

"Shikamoo, Mama. Nipo dukani. Nataka usikie kitu."

"Marahaba. Nisikie nini tena?"

Niliilaza simu juu ya kaunta, karibu na kipande cha mninga. Nikauchukua wa tatu, nikauvuta taratibu, kwa urefu wake wote. Niliirudisha simu sikioni.

"Mama?"

"Nipo," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kumbe ulilia hivyo. Vuta tena."